Watoto wa Mzee Fondo Hawaugui

Bi Mwanakombo, shikamoo. Natumai u buheri wa afya wewe na wote unaofanya nao kazi huko gazetini Malindi, mimi hapa Kilifi sijambo kabisa, nakula vizuri, nalala vizuri, na mama akinipigia simu kutoka Mariakani humwambia asiwe na wasiwasi wowote kwa sababu tangu nianze mafunzo haya ya kazini sijawahi kuwa na furaha kama hii. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasomea takwimu za afya, na nimepata nafasi katika ofisi moja ya utafiti inayofuatilia homa za watoto wadogo ili ijulikane kama dawa fulani ya mbu ya kupaka inasaidia au haisaidii. Baba, ambaye ni fundi wa malori, amewaambia wenzake wote pale gereji kwamba bintiye ni daktari, nimemweleza mara nyingi kwamba mimi simdungi mtu sindano, mimi nahesabu tu, amekataa kunielewa, basi nimemwacha.

Kazi yenyewe ni hivi. Wahudumu wa nyanjani hupita nyumba kwa nyumba kila wiki na vishikwambi, humwuliza mama kama mtoto amepata homa, hubonyeza jibu, na jioni majibu yote huingia kwenye kompyuta zetu Kilifi, nasi tunayasafisha, yaani kama mtoto anayenyonya ameandikwa kuwa na uzito wa mwanamume mzima tunajua kidole kiliteleza na tunamrudishia mhudumu aulize tena. Mwanzoni niliona kazi ya kuchosha, tena ofisi ina baridi ya kiyoyozi mpaka najifunika leso, lakini nikipata kosa nikalifuata mpaka likanyooka nasikia raha ambayo siwezi kukueleza, na msimamizi wangu, Madam Wanjira, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, ameanza kuniita nikae karibu naye anapokagua.

Huwa tunatumwa nyanjani pia, tusije tukadhani data huota kwenye kompyuta, nami nilipelekwa upande wa Gongoni, vijiji vilivyo nyuma ya mashamba ya chumvi, nikakaa kwa mhudumu mmoja anayeitwa Mzee Fondo na mkewe Mama Kanze. Hawakunijua, lakini Mama Kanze alinipa chumba cha binti yake aliyeolewa, akanipikia sima kwa mboga ya mchunga iliyotiwa nazi, na nilipomaliza sahani akaniongezea bila kuniuliza, na Mzee Fondo akawa ananiita mwanangu mbele za watu. Nilitembea naye nyumba nyingi nikaona jinsi anavyopendwa. Haingii mahali bila kupiga hodi na kungoja, akiitikiwa ndipo huanza, habari za hapa, mzee yuaonaje, shamba je, wale mbuzi waliopotea walipatikana, mtoto naye hajambo, na mama hujibu yote, hajambo, twashukuru, basi Mzee Fondo hubonyeza kishikwambi chake polepole kwa kidole kimoja, akakirudisha mkobani, wakaendelea na mazungumzo, akanywa maji anayopewa. Akiaga, akina mama humsindikiza hadi barabarani wakimweleza mambo yao yote, ya waume, ya karo, ya mtoto aliyekesha akichemka, naye huwasikiliza, huwapa pole, huwahimiza wawahi zahanati, na mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba maembe tuliyopewa, nikijiambia kwamba hivi ndivyo kazi inavyopaswa kufanywa. Yule mhudumu wa ng'ambo ya barabara, Peterson, mtu wa bara kama wazazi wangu, hana muda huo, yeye husimama mlangoni na kusoma swali lake neno kwa neno kama karani wa sensa, na watu wanamlalamikia kwamba hana adabu.

Ila sasa, Bi Mwanakombo, hapa ndipo ninapoomba unisaidie, maana nimekwama. Niliporudi Kilifi nilipewa data ya vijiji vyote vya huko niichoree grafu, na nilipoichora nilidhani nimekosea, nikarudia, ikatoka vile vile. Watoto wa upande wa Peterson wanaugua kama watoto wa kawaida, na watoto wa Mzee Fondo hawaugui. Masika, kiangazi, wao hawajambo tu. Tena nikaangalia takwimu za zahanati ya karibu nikakuta watoto wa vijiji vyake wanaletwa na homa kama wengine, kwa hiyo mbu hawajawasahau. Peterson alipokuja ofisini nilimchokoza kwa mzaha kuhusu jambo hilo, akacheka, akasema, "Huyo mzee wako anajaza majibu akiwa nyumbani, ameinua miguu." Na hapa kwetu mtu akishikwa akibuni majibu hapewi onyo, anarudisha kishikwambi na kwenda zake, na habari zinamfuata mpaka kijijini kwamba alikuwa mwongo.

Madam Wanjira bado hajaiona grafu hiyo, anachojua ni kwamba nimepata kitu, na amefurahi, ameniambia nikiwasilishe kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi mbele ya wote, wahudumu wakiwemo, na amedokeza kwamba nikifanya vizuri huenda nikabakizwa kazini nikimaliza masomo. Nikiionyesha nitakuwa nimemfukuzisha kazi mtu aliyenilisha na kuniita mwanawe, na nikinyamaza dawa itaonekana inafanya miujiza mahali ambapo huenda haifanyi chochote, na watoto watapakwa uongo maisha yao yote. Nimefikiria hata kuziondoa zile safu za vijiji vyake kimyakimya, au kuvichanganya na vya Peterson vionekane kitu kimoja, hakuna atakayejua, halafu naona aibu kwa kulifikiria tu. Naogopa nitaharibu kazi ninayoipenda au nimharibie mtu ninayempenda. Nifanyeje?

Ndinda, Kilifi.

Marahaba, Ndinda. Umenisalimia vizuri, na nimefurahi kusikia kwamba unakula na unalala. Sasa irudie barua yako uisome wewe mwenyewe. Umeniambia hujambo kabisa, mama asiwe na wasiwasi, furaha tele, ukanipitisha gereji kwa baba yako na jikoni kwa Mama Kanze, nami nimekaa na miwani yangu nikijiuliza kama binti huyu ameniandikia kunijulia hali tu. Ndipo ikaja "ila" yako, na nyuma yake mzigo mzima. Ningekuwa na kile kishikwambi ningebonyeza "Ndinda hana shida" kwenye mstari wa kwanza, nikakirudisha mkobani.

Umeanza kuona ninakokwenda? Huku kwetu, mwanangu, mtu hamwagi shida mlangoni. Anasalimiwa, anaitika njema, na habari yenyewe huja baadaye, watu wakishatulia au wanapoagana. Jirani yangu hapa mtaa wa Shela alinisalimu juzi juu ya ukuta. Salama, watoto wazima, akaulizia mguu wangu, tukaijadili bei ya unga mpaka tukaichoka, kisha anageuka kwenda zake ndipo akasema, "Ila jana tumelala nje, jiko liliungua." Angeanza na moto ningedhani amechanganyikiwa.

Kwa hiyo yule mama anayejibu "hajambo, twashukuru" hamdanganyi mtu. Amesalimiwa, ameitikia. Na Mzee Fondo, kwa jinsi ulivyomweleza, habuni kitu. Ameuliza, amejibiwa, ameandika alichojibiwa, kwa kidole kimoja maskini. Kosa lake ni kwamba analichomeka swali la utafiti katikati ya mbuzi na shamba kwa sababu anaona haya kumhoji mama wa watu kama polisi, na jibu la kweli linapomfikia kule barabarani, mashine imeshalala mkobani. Yeye anamjibu mama, anampa pole, anamtuma zahanati, na zahanati inamwandika mtoto ambaye ninyi Kilifi mmemwandika mzima. Peterson, ambaye hata kiti hakaribishwi, anaupata ukweli kwa sababu swali lake halifanani na salamu hata kidogo. Hilo lisimpe kichwa kikubwa, na ule mzaha wake kuhusu miguu haukuwa mzaha, ni kumchafulia mwenzake jina.

Nawe sikuachi. Ulikuwepo. Ulisikia kwa masikio yako habari za mtoto aliyekesha akichemka, ukiwa na maembe mikononi, ukaniandikia mimi kama sifa za ukarimu wa mzee. Uliporudi kwenye baridi ya ofisi ukayasahau masikio yako ukaliamini neno la Peterson. Nakuelewa, grafu ile ilikupendeza. Umepata kitu mwenyewe, msimamizi amefurahi, ajira inanukia, na kijana yeyote angelewa kidogo. Lakini ulikuwa karibu kumsimamisha mtu mzima mbele ya wenzake, mtu ambaye hujamwuliza hata swali moja. Ninyi si mna utaratibu wa kumrudishia mhudumu jambo lisiloeleweka ili aulize tena? Mnamrudishia uzito wa mtoto, mbona hili hukumrudishia?

Na hilo la kuondoa safu kimyakimya lifukie leo leo. Unamshuku mzee kwa kubuni, halafu unataka kumwokoa kwa kubuni wewe. Ungefanya hivyo, mwongo katika ofisi hiyo angekuwepo kweli, na angekuwa Ndinda. Vizuri umeona aibu. Kaa nayo hiyo aibu, ina kazi.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, mwone Madam Wanjira peke yake. Mpe grafu nzima, na zile takwimu za zahanati, na yote uliyoyaona kule nyumba kwa nyumba, pamoja na barabarani. Usimfiche kitu kwa ajili ya mzee, wala usimpe jina la mtu bila maelezo yake. Mwombe ruhusa urudi Gongoni kabla ya mkutano. Akikuuliza kwa nini, mwambie huna uhakika, na ninavyomsikia mama huyo hatachukia kuambiwa hivyo na mwanafunzi.

Ukifika, tembeeni tena nyumba zile zile. Mzee asalimie kama kawaida yake, wala usimwondolee adabu yake hata tone. Maji yakishanywewa, ndipo akitoe kishikwambi, aseme waziwazi kwamba salamu zimekwisha na sasa anauliza la kazi, na alisome swali kama lilivyoandikwa. Kisha wakati wa kuaga amwulize tena mama yule yule, na mashine isifungwe mpaka mama ageuke kurudi ndani. Utaona mwenyewe. Majibu ya zamani yasifutwe, yabaki na maelezo ya namna yalivyopatikana, na wakubwa wenu waamue watayatumiaje.

Huenda mimi nimekosea. Nimekaa Malindi na karatasi yako tu, na wahudumu wanaojaza majibu kitandani wapo duniani. Ukienda ukakuta milango ambayo mzee hajaigonga, au akina mama wanaomshangaa, basi umwambie Madam Wanjira hilo pia, hata kama utalia njiani, maana sima ya Mama Kanze haikuwa hongo na wewe usiifanye hongo. Lakini kwa mtu anayesindikizwa hadi barabarani kila nyumba, sioni hivyo.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo utakalotaka kulikwepa. Kabla hamjatoka nyumbani kwake, mkiwa mmeketi, mwambie: "Baba, niliiona data yako nikadhani unabuni." Usilipambe, usimtaje Peterson, usicheke ili lipite. Litamwuma. Amekuita mwanawe, na hawezi kukuamini kesho ikiwa ataligundua hilo kutoka kwa mtu mwingine. Kisha mweleze kuhusu wale mama wa barabarani, na uone uso wake atakapojua kwamba ukweli wote wa vijiji vile amekuwa akiambiwa yeye, kila wiki, akaurudisha nyumbani bila kuuandika. Ninavyomfikiria mimi, atasimama achukue mkoba wake kabla hujamaliza kusema.

Na siku ya mkutano usisimame peke yako. Simameni wote wawili, yeye aeleze jinsi watu wa kwao wanavyojibu, wewe uonyeshe grafu. Kwenye ukurasa wa kwanza andika majina ya walioifanya kazi hiyo, la Mzee Fondo juu, lako chini yake.