Breki ya Mkono Niliyoiachia Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, tarehe 15 mwezi wa nne, kuanzia saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Shahidi: mwanamume, miaka 81. Kazi: mwalimu mstaafu wa hisabati, shule ya sekondari. Makazi: nyumba yake mwenyewe, ghorofa ya pili; anaishi peke yake.

Nimekuja kwa teksi kutoka nyumba ya wageni tulikohamia tangu tarehe 12, bila kumuaga mtu. Napumua kwa shida, kwa hiyo nimemwomba afande aandike polepole, naye amekubali. Madaktari wa moyo wamenipa miezi miwili, labda mitatu. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nataka tu ieleweke kwamba sina muda wa kuzungukazunguka.

Nimekuja kwa ajili ya mlinzi wa kambi, aliyeko mahabusu tangu tarehe 12 kwa madai kwamba uzembe wake uliliingiza gari la mkwe wangu mtoni. Hakufanya kosa hilo. Nimelifanya mimi.

Mnamo tarehe 10, binti yangu, mtoto wangu wa pekee, na mumewe walinichukua nyumbani kwa safari ya siku tano. Tungelala kwenye mahema kando ya mto, na mchana tungetembea mjini. Mvua ilianza tukiwa bado tunafunga mizigo. Nilimwambia binti, "Mama, mvua hii na mahema wapi na wapi?" Akanijibu, "Baba, wewe kaa mbele ufurahie. Kazi tuachie sisi." Nilifurahi kweli. Naomba hilo liandikwe. Tangu mama yake afariki hatukuwahi kusafiri pamoja.

Kambini, mlinzi alichimba mfereji kuzunguka hema langu ili maji yasiingie. Hakuna aliyemtuma. Nikampachika jina la Bwana Mfereji, naye akaniita Mwalimu Mkuu. Nilipomwambia sikuwahi kuwa mkuu, alisema, "Kwa umri huo, mwalimu, cheo kinakuja chenyewe."

Tarehe 11, saa tatu asubuhi, tulikwenda mjini. Chini ya mnara wa saa alitusubiri bwana mmoja mwenye koti la kijivu na daftari. Mkwe wangu alisema ni rafiki yake, anaujua mji, atatutembeza. Mnara ulikuwa kwenye matengenezo. Mafundi walikuwa wameshusha mishale yote, ikabaki sura nyeupe yenye namba tu. Tulicheka. Binti alisema hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna anayechelewa kazini.

Mvua ilipozidi tuliingia kwenye mgahawa wa makumbusho. Binti na mumewe walisema wanapanda kuangalia picha za ghorofani, na kwamba ngazi zingenichosha. Nikabaki na yule bwana. Akasema, "Mzee, tucheze maswali kidogo mvua ipungue." Akaniuliza huu ni mwaka gani. Nikasema mwaka wa mvua. Nani anaongoza nchi? Nikasema, "Ya nchi sijui, mimi naongozwa na binti yangu." Mia ukitoa saba? Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane. Nikamjibu, "Inategemea anayetoa ni nani." Akaniomba nichore saa. Nikamchorea ile ya mnarani, duara na namba zake zote, bila mishale. Hakucheka. Nikamwona mtu mkavu, basi.

Tarehe 12, saa moja na dakika arobaini asubuhi, binti na mumewe walikuwa kwenye banda la kupikia wakichemsha chai. Gari lilikuwa juu ya mteremko. Mlinzi ndiye aliyelihamishia hapo jioni iliyotangulia, kwa kuombwa na mkwe wangu, ili lisinase kwenye matope. Niliingia kujikinga na baridi. Nikatafuta miwani yangu kwenye kisanduku cha mbele, nikakuta na bahasha.

Ndani yake mlikuwa na mchoro wangu wa saa, umebanwa pini kwenye barua ya yule bwana. Kumbe ni daktari wa magonjwa ya akili. Aliandika kwamba siujui mwaka, siwezi kutoa saba kwenye mia, na kwamba kuanzia sasa binti yangu ndiye aamue nikae wapi na nitibiwe vipi. Mwezi uliopita nilikataa kulazwa. Nilimwambia binti nataka kufia kitandani kwangu. Hakubishana nami tena. Mimi nilidhani amenielewa.

Nilirudisha bahasha mahali pake. Nilitazama chini hadi mtoni, hapakuwa na mtu. Nikaweka gia huru, nikateremka, nikainama mlangoni, nikaachia breki ya mkono. Gari liliondoka taratibu, mlango wazi, kisha majani mabichi yakalichukua hadi mtoni. Ningeweza kuichana ile barua tu. Kwa siku tatu nimejiuliza kwa nini sikufanya hivyo. Nadhani nilitaka kizame kitu kikubwa kuliko karatasi.

Mlinzi alikuwa anatoka stoo. Aliniona.

Polisi walifika saa tatu na nusu. Mkwe wangu alimwambia mlinzi, "Wewe ndiye uliyeliegesha." Mlinzi akasema, "Mwulizeni mzee, yeye ndiye aliyekuwemo." Binti yangu akasema, "Baba yangu hajui hata leo ni siku gani. Usimsingizie mgonjwa." Mlinzi akanigeukia: "Mwalimu, sema basi."

Nilikuwa chini ya mwavuli. Nilitazama viatu vyangu, kisha nikamwuliza binti, "Hawa ni akina nani?"

Nililia moyoni kwamba wananifanya mwendawazimu, na barua yao nikaizamisha. Hazikupita saa mbili, nikajificha nyuma ya barua hiyohiyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata gari.

Hasira niliyo nayo kwa binti yangu haijapungua. Najua alichofanya alikifanya kwa kuogopa kunipoteza, na bado haijapungua. Lakini hayo ni ya nyumbani kwetu, mlinzi hayamhusu.

Afande amenieleza kwamba maneno haya yanaweza kunifikisha mahakamani. Afadhali nifungwe nikiwa na akili zangu kuliko kutunzwa nikiwa sina. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Saa sita na dakika kumi, kabla shahidi hajatia sahihi, binti yake alifika akiwa amelowa. Alisema, "Afande, baba ni mgonjwa, msimwandike." Nilimpa kalamu, nikamweleza: akiandika kwamba mzee hana akili timamu, maelezo haya hayatatumika na mlinzi atapelekwa mahakamani kesho. Aliomba kusema na baba yake. Niliwaruhusu, mbele yangu.

Binti: "Baba, sema umesahau. Neno moja tu."

Mzee: "Sijasahau."

Binti: "Na kifua hicho watakuweka wapi?"

Mzee: "Mama, nipe kalamu hiyo."

Binti alimpa kalamu. Yeye mwenyewe hakuandika kitu. Kwa maoni yangu mzee anajua anachosema, na nimeandika hivyo kwenye jalada. Mzee amepewa dhamana. Mdhamini ni binti yake.

Mlinzi ameachiwa saa nane na dakika tano. Alipita mbele ya benchi la mapokezi. Mzee alishika ukuta, akasimama, akamsalimia. Mlinzi alimwuliza askari wa zamu mkanda wake wa suruali uko wapi, akapewa, akatoka akiwa bado anaufunga.