Mgeni Aliyeandika "Nzuri"

Jumatatu, 4 Machi 2024

Shamba zima linang'aa. Sabuni chooni! Miaka kumi na tisa nakata waridi hapa mjini Facatativá, sijawahi kunusa sabuni chooni. Kumbe wanakuja wakaguzi. Wajerumani wamejitungia sheria: mwenye duka huko kwao atajibu kwa yanayompata mkata maua huku kwetu. Basi Daktari Piedad wa ofisi ya wafanyakazi — tunamwita Daktari kwa sababu ana koti, hajatibu hata kuku — ametukusanya kutufundisha kwamba sisi ni familia. Familia gani hiyo, baba humjui hata sura?

Binti yangu Yurany, tunayekata naye waridi, ameisoma hiyo sheria kwenye simu. Yote! Mimi niliishia darasa la tano, lakini kichwa kakitoa kwangu, si kwa baba yake.

Jumatano, 6 Machi

Wamekuja. Bibi mrefu wa Kijerumani na mkalimani wake. Swali la kwanza: habari za kazi? Sasa huku kwetu mtu akikuuliza habari, hata uwe umebebwa kwa machela, unaanza na nzuri, namshukuru Mungu. Ubaya unafuata baadaye, mkishakaa. Yule bibi hakai. Akisikia nzuri anaandika nzuri, anahamia kwa mwingine. Blanca Nubia, mwenzangu wa kukata, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko: nzuri. Hata mimi — mdomo ulinitangulia. Nikaufungua tena nimwambie tunaingizwa bandani dawa ya wadudu haijakauka. Nikakuta naongea na mgongo.

Ikafika zamu ya Yurany. Habari za kazi?

"Mbaya," akasema. "Kaa nikueleze."

Mkalimani akamtupia jicho Daktari. Bibi akakaa juu ya ndoo, na koti lake zuri lile. Yurany akamweleza: dawa hupigwa alfajiri, kibendera chekundu cha kuzuia watu kinatakiwa kikae mpaka saa sita, wao wanakitoa saa moja. Na kwamba Februari, msimu wa wapendanao, alitapika katikati ya maua, akapewa kidonge cha kichwa na kurudishwa kazini. Bibi aliandika kurasa tatu. Kwa majivuno nikakata shina fupi, waridi zima likaharibika. Liende.

Alhamisi, 7 Machi

Sabuni imeondoka na wageni. Ila kibendera kimekaa mpaka saa sita!

Msimamizi ameniambia binti yangu ana ulimi mrefu. Nikamjibu ni wa kurithi.

Blanca Nubia hakucheka. Ananiambia Mjerumani akisusa maua yetu atanunua kwa wengine, mikono yake safi, sisi tutakula miiba. Limenichoma hilo. Sheria gani, mwenye duka anatoroka na kuitwa mwema?

Jumamosi, 9 Machi, saa kumi jioni

Daktari Piedad yuko sebuleni kwangu. Na keki! Miaka kumi na tisa hajaujua mlango wangu, leo kaketi ukingoni mwa kochi kama vile litamuuma. Nimejitia jikoni kuchemsha maji ya sukari guru. Nachemsha polepole. Kila kitu nasikia.

Kaleta karatasi. Yurany akubali kwamba alieleweka vibaya, mkalimani alikosea. Akisaini, Jumatatu anahamia ofisini, dawa ataisikia kwa jirani. Asiposaini, mkataba wake unaishia mwezi huu, na shamba litasikitika sana. Shamba linasikitika! Sasa kashusha sauti, ananitaja mimi.

"Mfikirie na mama yako, mwanangu. Kwa umri ule, akitoka kwetu nani atamchukua?"

Mwanangu! Alimzaa yeye?

Nimechungulia. Yurany anasoma, kidole kwenye mstari, hana haraka. Nilidhani ataniangalia. Hakuniangalia, na nashukuru, maana sijui angeona sura gani.

"Mama, kalamu ipo?"

Nyumba nzima ninayo hii moja, ninayoandikia. Ya kusaini au ya kufuta, hajasema. Nimemjibu asubiri kidogo.

"Mama. Kalamu."

Naipeleka —