Naustaajabia Mtambo, Nashindwa Kuugusa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaaibika kazini, maana mimi naandika programu za hospitali na nilidhani kuandika ndiyo kazi, kumbe kuipeleka programu kwenye seva ili watu waitumie ni dunia nyingine, unajifunza chombo cha kuifungasha, unakuta kuna kingine cha kusimamia mafurushi hayo, na kingine cha kumwamuru msimamizi, na kingine cha kuwachunga wote, kila nikifungua mlango nakuta ukumbi mkubwa zaidi, hadi siku moja nikazima seva kwa bahati mbaya, roho ikanitoka, na kabla sijaita mtu mtambo mzima wa vyombo hivyo ukajua wenyewe, ukawasha seva nyingine, ukahamishia kazi zote huko, na wodini hakuna aliyeshtuka. Nilikaa nikiitazama skrini huku machozi yakinilenga. Tangu hapo sigusi kitu, nasoma tu, na rekebisho langu la kufikisha majibu ya maabara wodini papo hapo limekwama kwangu, kwa sababu bosi ameniachia mimi nilitoe litumike. Dada yangu ni muuguzi wa watoto hospitalini hapo hapo. Juzi aliniambia taratibu, "Majibu ya mtoto mmoja mwenye homa yalikuwa tayari asubuhi. Sisi tumeyaona jioni." Nifanyeje? Nikiharibu je?

Fundi Aliyepigwa na Butwaa

Marahaba, fundi. Mimi hata simu hunishinda, lakini barua yako nimeisoma mara mbili na mwili ukanisisimka. Kuna watu waliketi wakaiwazia siku seva itakapozimika, wakaiandalia mwenzake mapema. Una haki ya kustaajabu.

Sasa nikuseme. Mtambo uliokusitiri wewe ulipokosea, ndio huo unaoukimbia? Na huko kusoma kusikoisha, mwanangu, ni woga uliovaa miwani. Hutaumaliza mtambo wote, hata walioutengeneza kila mmoja anajua kipande chake.

Omba nakala ya mtambo ya majaribio, uivunje makusudi mpaka uchoke. Jifunze kurudisha programu ya zamani kabla hujatoa mpya. Kisha anza na wodi ya dada yako peke yake, asubuhi, mafundi wote wakiwa kazini na mmoja kakaa pembeni yako.

Ukishalitoa, usigande kwenye skrini. Panda wodini, simama mlangoni, umwangalie dada yako akisoma majibu ya mtoto wa watu kabla homa haijapanda. Staajabu hapo.