Meno ya Mjomba kwenye Besi

Rosa weee! Niko Koboko, nimecheka mpaka mbavu zinauma 😂😂

Mjomba Anguyo amekuja kununua gitaa la besi la sita. Si unamjua? Tangu 1988, Arua ikiwa haina umeme wa kuwasha spika, besi anaichagua kwa meno! Anang'ata ubao, anapiga uzi, anasikiliza kwa mifupa.

Leo kang'ata moja, akaruka: "Kenyi! Hii iko na sauti! Si kama ile besi bubu nilikuuzia zamani!"

Kenyi muuzaji akasema polepole, "Mzee, angalia pale uling'ata."

Rosa, kuna alama za meno za zamani. ZA MENO! Na katikati pengo, sawasawa na la mjomba 🙈

Sasa ameikumbatia bubu yake, haachii.