Simu ya Mulwa

Mpendwa Shangazi Kaindi,

Mimi ni mzima. Juzi nilisukwa nywele Kenyatta Market, ungeniona ungecheka.

Ofisi yetu, ya kuwatembelea wagonjwa wa akili majumbani, imefungwa, wafadhili wamejitoa. Wakubwa walitupa pole na soda, wakarudi kwenye majumba yao Karen. Mwanao Mulwa, tuliyekuwa tukimtibu, hakupata sindano yake ya dawa kwa miezi miwili. Tulikubaliana anipigie kila asubuhi: simu ilie mara moja, akate, nijue ameamka salama.

Jumanne haikulia. Jumatano nikaenda kwake Kawangware. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikampigia, nikaisikia simu yake ikilia humo ndani mpaka ikanyamaza.

Mlango tuliuvunja na majirani. Sikutaka uambiwe kwa simu, ndiyo maana nimemtuma Maureen, mwenzangu wa ofisini, na barua hii. Mruhusu alale kwako.

Mtoto wa kaka yako,
Nthenya