Siku Ngoma Iliposhindwa Kumfuata Zulmarie

Loíza, 14 Mei

Dada yangu mpendwa Migdalia,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini baridi ya Chicago imepungua na kile kifua kimepona. Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na kutukana vizuri.

Najua mwanao Zulmarie, tunayekaa naye hapa, amekwambia kwenye simu kwamba hataki tena kucheza ngoma yetu ya bomba, wala hasemi kwa nini. Ndiyo sababu nakuandikia.

Shule yake ililetewa mwalimu wa ngoma kutoka San Juan, Bi Brunilda, mwenye vyeti vinne na viatu visivyojua vumbi. Mama huyo aliwapanga watoto mistari kama askari, akawafungulia redio, akawahesabia moja hadi nane. Bomba, dada! Ngoma ambayo mchezaji ndiye anayeamuru na mpigaji anamfuata miguu, yeye anafundisha watoto kutii spika! Nilikwenda darasani kwake nikamwambia hata kuku wetu wangemcheka. Akanijibu mbele ya darasa zima, "Haya mzee, njoo upige wewe basi, tuone." Nikamwambia nitakuja, na mpwa wangu ndiye atakayemfundisha kazi.

Siku ya sherehe ya shule nikaketi na ngoma yangu, kichwa kimenivimba. Wanafunzi wa Brunilda walijikokota jukwaani huku wazazi wakipiga makofi. Maskini, hawajui wanachokitazama. Kisha Zulmarie akaingia peke yake, akaisalimu ngoma kama ulivyomfundisha, akashika sketi. Akatupa bega, akakata mguu, akasimama ghafla. Ngoma ikachelewa. Akarudia polepole, akinitazama usoni. Ikachelewa tena. Watu wakaanza kuguna, nami nikamfokea, "Shika mdundo, we mtoto! Unanivuruga!" Akatoka analia. Brunilda ndiye aliyemfunika kwa shali yake.

Nimemwambia kila mtu kwamba mtoto alikosea. Si kweli, Migdalia. Mkono wangu wa kulia una ganzi tangu Januari, vidole viwili havinisikii kabisa, na nilipoketi pale nililijua hilo. Mtoto alikuwa anaamuru sawasawa. Mimi ndiye niliyeshindwa kumfuata, nikamtupia aibu yangu mbele ya watu, mtoto wa miaka kumi. Brunilda simpendi hadi leo, lakini yeye hajamsingizia mtoto.

Tafadhali msomee barua hii kwenye simu, yote. Mimi nimejaribu kumwambia mara tatu tukiwa mezani, nikaishia kumwomba chumvi.

Msalimie sana shemeji Heriberto. Mama anakubusu.

Ni mimi kaka yako, mwoga,
Elpidio