Ndara Zangu na Muuaji wa Filamu

Wanangu, na wewe baba yao uliyecheka,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto. Nguo zianueni kabla mvua haijanyesha.

Asubuhi nimetafuta ndara zangu nyumba nzima, kumbe zimo kwenye begi la kamera la kitinda mimba wetu! Namuuliza, ananijibu bila haya: watu aliowaonyesha majaribio ya filamu yake ya chuo, eti ya kutisha, walimcheka muuaji. Ndipo akawauliza ninyi mnaogopa nini hasa. Mkajibu kwa sauti moja: ndara za Mama zikisimama nje ya mlango. Sasa muuaji anavaa ndara zangu!

Mimi niliyewabeba mgongoni! Kweli shukrani ya punda ni mateke.

~~Filamu hiyo hairekodiwi humu ndani, nimemaliza.~~

Amenionyesha rafiki yake anavyoigiza huyo muuaji. Anaburuta miguu kama mgonjwa, hatishi hata paka. Msiniaibishe. Kesho nitacheza mwenyewe, na ndara nimeondoka nazo.

Vyombo nikivikuta havijaoshwa, mazoezi yanaanza leo, nje ya mlango wenu.

Mama yenu